Papa Kule, Vidange ya Jumamosi na Ufunguo Aliouweka Mezani

Ijumaa hii, tarehe 31 mwezi wa kumi 2025, Papa Kule Vahwere, shofere wa kwanza wa shirika letu la Tujikinge hapa Bunia, anapumzika baada ya miaka ishirini na moja na miezi minne ya kazi. Aliingia mwezi wa sita 2004, akiwa na miaka arobaini, shati jeupe na permis ya kuendesha iliyokunjwa mara nane. Anatoka na miaka sitini na mmoja na shati jeupe lile lile, au ndugu yake. Permis, mke wake Mama Hortense anasema iko ndani ya Biblia.

Mimi ni Scholastique, muuguzi wa chanjo. Nimekaa kiti cha mkono wa kuume cha pickup yake miaka kumi na saba. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika haya kwa sababu, walisema, hakuna mtu aliyegombana na Papa Kule kunizidi. Ni kweli, sikatai. Tuligombana juu ya redio, juu ya dirisha, juu ya samaki, na juu ya nani alikosea nyimbo za kwaya. Kwa hiyo anayetafuta hotuba ya kusema muzee hakukosea hata siku moja, aombe mwandishi mwingine. Nilipoenda kwake Ngezi kumwomba ruhusa, alinijibu kwa neno moja: "Andika yote, Mama Scholas. Usitie sukari." Basi sitatia.

Kazi yake ilikuwa kutupeleka mahali ambapo chanjo inahitajika na kuturudisha. Ukiiandika hivyo inaonekana ndogo. Iliyobaki ni barabara. Kushuka Bogoro mpaka Tchomia wakati wa mvua, tope linafika kwenye magoti, magari mengine yamelala pembeni, shofere wao wanapika ugali wakisubiri jua. Papa Kule alikuwa anashuka kwanza kwa miguu. Anavua viatu, anaikunja suruali, anatembea ndani ya tope mita mia moja, anarudi, anaosha miguu kwa chupa yake ya maji, ndipo anawasha mota. Siye ndani ya kabini tunapiga kelele kwamba barafu ya chanjo inayeyuka. Yeye anaosha vidole, kimoja kimoja. Na tulipita. Sikumbuki siku tuliyolala njiani kwa kosa lake.

Alibeba chanjo, vitanda vya hospitali, mbuzi mmoja wa zawadi, na wanawake watatu waliojifungua kabla hatujafika kwa daktari. Mmoja wa watoto hao, msichana wa Tchomia, mtaa mzima unamwita Pickup. Jina lake la ubatizo ni Bénédicte, lakini analitumia katekista peke yake. Kila tukienda kule, Papa Kule anapeleka sabuni na daftari kwa Pickup, halafu anajifanya ni mimi nimenunua.

Kuhusu samaki, neno lake lilikuwa sheria. Ukinunua samaki ya kukauka Tchomia, inafungwa nyuma, ndani ya mifuko miwili, mbali na box za chanjo. Siku moja nilificha moja chini ya kiti changu. Hatukufika hata Kasenyi. Alisimamisha gari, akafungua mlango wangu kwa adabu kama anafungulia mke wa gavana, akangoja mpaka nilipoitoa. Lo, muzee huyu! Nilinuna mpaka Bunia.

Gari yenyewe tunaiita Koko, yaani bibi, maana alikuja ofisini akiwa tayari ni nyanya wa magari. Wageni wanaotutembelea wanashangaa kwamba bado anatembea. Siye hatushangai, kwa sababu tunajua Jumamosi za Papa Kule.

Jambo hilo lilianza 2009. Kabla ya hapo vidange, yaani kumwaga mafuta ya zamani ya mota na kuweka mapya, ilifanywa kwenye garaji moja ya mjini ambayo leo haipo tena. Siku hiyo fundi alirudisha bouchon ya chini, kizibo cha kumwagia mafuta, bila kuikaza. Tulikuwa tunakaribia Bogoro, mimi naongea, Papa Kule akaniinulia mkono ninyamaze. Mimi sikusikia kitu. Yeye alizima mota pale pale, akaingia chini, akatoka na mkono mweusi mpaka kwenye kiwiko. Mafuta yote yalikuwa yamebaki barabarani. Alisema dakika mbili zaidi na Koko angekufa. Jumatatu yake aliomba kwa mkurugenzi wa wakati ule kibali cha kufanya vidange nyumbani kwake, kwa mikono yake, na mtu asiguse bouchon ile tena isipokuwa yeye. Kibali kilitolewa, na tangu siku ile Koko analala Ngezi.

Ambaye hajaona vidange ya Papa Kule amekosa kitu. Kila kilomita elfu tano, Jumamosi, baada ya chai. Kwanza anamzungusha Koko mtaani kidogo ili mafuta yapate moto, kwa sababu mafuta baridi, anasema, yanaacha uchafu chini. Anamsimamisha mahali palipo sawa, anaweka matofali nyuma ya magurudumu. Anavaa shati la kampeni ya uchaguzi wa zamani, sitasema la nani. Anaingia chini na besini ya Mama Hortense ambayo haikurudi jikoni tena tangu siku ya kwanza. Bouchon ikitoka, inaingia ndani ya mfuko wa shati, na mfuko unafungwa kifungo. Ukimwuliza kwa nini, anakutazama kama umeuliza kwa nini mtu anafunga mlango akienda kulala.

Halafu anayasoma mafuta ya zamani. Anachovya vidole viwili, anasugua, ananusa, anatoa hukumu. Kama kuna mchanga, filtre, yaani chujio ya hewa, imechoka. Kama yamekuwa mepesi, petroli imeingia mahali pasipo pake. Majirani wanasubiri kwenye uzio na makopo yao, maana mafuta yale meusi ndiyo wanapaka miguu ya nyumba ili muchwa wasile. Anawagawia wote, mjane kwanza. Mapya hanunui yale ya bidon, madumu ya dukani yenye kapsule za kung'aa kwenye kifuniko, hapana, anasema kapsule inajua kudanganya. Anaenda kwa mfanyabiashara anayemjua sokoni, fût, pipa zima, inafunguliwa mbele ya macho yake, anajaziwa ndani ya bidon yake ya njano. Mwishoni anaandika kilomita kwa makaa kwenye ukuta wa stoo. Wiki iliyopita nilikwenda kuhesabu mistari ile. Iko sabini na moja.

Na kulikuwa na jambo moja alilolitaka kuliko yote, na wote tulilijua kwa sababu hakuacha kulisema. Alitaka kufika siku hii ya Ijumaa akiwa kwenye usukani. Amlete Koko mpaka mbele ya mlango wa ofisi, azime mota mwenyewe, ashuke, atoe ufunguo mbele ya watu. Alikuwa amekwisha kuchagua hata shati. Mwaka jana tulimtania kwamba atafanya mazoezi ya kushuka, naye akakubali kwamba alikuwa anafanya.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo nisingeiandika kama asingenilazimisha.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili mwaka huu alifanya vidange kama kawaida. Wiki ile paa la jikoni lilikuwa linabadilishwa, kwa hiyo Mama Hortense alikuwa amehamishia vitu vyake stoo: masufuria, unga, na bidon yake ya njano ya mawese. Mawese yale yalitoka Mambasa, mazuri, mekundu, ya kupikia sombe, majani ya mihogo. Nani katika mji huu hana bidon ya njano? Zilikaa mbili pamoja, sura moja, ukubwa mmoja. Papa Kule alichukua moja, akamimina yote ndani ya mota. Akarudisha kifuniko, akamngurumisha Koko dakika moja, akaandika kilomita ukutani. Jumapili akaimba besi kanisani.

Jumatatu, tarehe kumi, saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, nilifika Ngezi na box zangu za chanjo. Tulikuwa tunaenda Tchomia. Kabla ya safari yoyote, tukiwa bado hatujawasha, mtu anavuta jauge, kile kijiti cha kupimia mafuta. Zamani alikuwa anavuta na kusoma mwenyewe. Tangu mwaka mmoja hivi alikuwa ananipa mimi. "Soma weye, Mama Scholas, weye ndiye ulisoma." Jamani, nilifurahi! Nilieleza hata nyumbani kwangu kwamba Papa Kule, ambaye haachii mtu hata kitambaa cha kioo, ananiachia mimi jauge.

Asubuhi za mwezi wa pili zina baridi, na mawese yakipata baridi yanaganda. Nilivuta kijiti kile kikatoka kimevaa mafuta mekundu mazito, kama kijiko kimetoka ndani ya sufuria ya Jumapili. Nilicheka mpaka nikashika mlango nisianguke. Nikamwambia Koko leo anakula sombe, tumtafutie na ugali. Mama Hortense akatoka na thermos ya chai, akaona, akaanza kulia juu ya mawese yake na kucheka kwa wakati mmoja.

Papa Kule hakucheka. Alipitisha kidole kwenye kijiti, akasugua, akanusa, akaweka kwenye ulimi. Halafu akakaa kwenye ngazi ndogo ya gari. Ni kweli alikuwa na mafua wiki ile, vumbi lilikuwa jingi, hata mimi nilikuwa nakohoa. Nilimwambia hivyo. Akajibu pole pole: "Pua iko na grippe, sawa. Lakini macho iko na nini?"

Ndipo akatuambia. Tangu mwaka uliopita alikuwa anaona nusu nusu. Rangi zilikuwa zimefifia. Kusoma jauge alishindwa, ndiyo sababu alinipa mimi, na mimi mjinga nilidhani ni heshima. Mwendo wake wa pole tuliousifu kwenye mkutano wa mwaka ulikuwa mwendo wa mtu anayetafuta barabara. Hakumwambia mtu, hata Mama Hortense. Alikuwa anahesabu miezi tu. Ilibaki minane.

Nitasema na yangu, kwa kuwa hatutii sukari. Nilimwambia tufiche. Nilisema tumwage mawese, tuoshe mota, tuweke mafuta ya kweli, tuende, na mtu asijue. Miezi minane si mingi. Nitakaa pembeni yako, nikasema, nitakuwa macho yako. Nilisema hivyo mimi, muuguzi, niliyeapa, na box za chanjo za watoto ziko kwenye miguu yangu. Nilikuwa nampenda muzee yule na nilitaka apate siku yake. Lakini ilikuwa vibaya, na ninaomba radhi hapa mbele ya wote.

Alinitazama, au alitazama upande wa sauti yangu, sasa najua. Akasema: "Bogoro, saa ya masomo, batoto banavuka barabara. Kabla weye umalize kusema 'mutoto', gari imeshapita."

Aliingia ndani, akavaa shati jeupe, lile alilokuwa ameliweka kwa ajili ya Ijumaa hii. Akatoka Ngezi kwa miguu mpaka ofisini. Mama Hortense alitaka kumshika mkono, akakataa, akamwambia barabara hii miguu inaijua. Alipofika aligonga mlango wa mkurugenzi wetu, Madame Claire, akaweka ufunguo wa Koko mezani, akasema: "Madame, mi siko naona muzuri. Musinipe tena watu." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Kuna methali inasema mficha ugonjwa kifo humuumbua. Yeye aliuficha mwaka mzima, ndiyo, na angeweza kutuumiza. Hilo alinikumbusha nisilisahau nikiandika. Lakini siku alipoielewa hatari, hakungoja hata chai ipoe.

Siye tulitafutiwa gari ya jirani, tukaondoka saa nne, barafu ikiwa bado ngumu. Watoto wa Tchomia walipata chanjo zao zote. Mimi nililia ndani ya gari ya watu mpaka shofere wao akaniuliza kama nina msiba. Koko alioshwa mota mara mbili kwa mafuta rahisi, na kwa wiki nzima moshi wake ulinuka kama jiko la harusi. Bidon ya Mama Hortense sasa imefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono wa kushikia, na anaikagua kila jioni, ingawa paa la jikoni limekwisha kutengenezwa.

Daktari wa macho alisema mishipa imechoka. Kilichopotea hakitarudi, na matone yatalinda kilichobaki. Madame Claire alimwambia Papa Kule kwamba kazi yake inaendelea mpaka tarehe yake, ila kwenye kiti kingine: amfundishe shofere mpya. Huyo ni Glodie, mama wa watoto wawili, aliyekuwa anaendesha lori la mihogo na haogopi mtu. Wiki ya kwanza nilidhani watapigana. Muzee alikaa nilipokuwa nakaa mimi, mimi nikarushwa nyuma, na njia nzima ilikuwa punguza, ongeza, sikiliza, hausikii? Glodie akamjibu siku moja kwamba anasikia mota vizuri kabisa, tatizo ni kwamba Papa hanyamazi. Nilingoja radi. Muzee akacheka kwa sauti mpaka akakohoa, na tangu siku ile wakaelewana.

Jumamosi iliyopita wamefanya vidange ya mwisho ya Papa Kule, pale Ngezi. Aliketi kwenye kiti cha plastiki karibu na gurudumu. Glodie ndiye aliyekuwa chini. Alipotoka, alimletea mafuta ya zamani kwenye kisahani, muzee akachovya vidole viwili, akasugua. "Kuna vumbi," akasema. "Filtre ya hewa, mama, umeisahau." Glodie akafunika uso kwa mikono yake miwili, maana ilikuwa kweli. Akatumwa kwenda kuinunua kabla ya kuweka mafuta mapya, na majirani na makopo yao wakasubiri saa moja zaidi. Hakuna aliyelalamika.

Mafuta mapya yalipoingia, Glodie alivuta jauge, akasoma kwa sauti, akasema iko sawa, iko kwenye mstari wa juu. Papa Kule akamwambia afunge capot, kifuniko cha mota. Hakuomba kugusa. Mimi ndiye niliyeomba atie mkono wake mara ya mwisho, kwa ajili ya picha ya bulletin hii, akanigombeza kwamba mota si ya picha.

Basi ile siku aliyoitaka haikuja jinsi alivyoitaka. Ijumaa Koko atafika mlangoni na Glodie kwenye usukani, na Papa Kule atakuja kwa miguu na mke wake. Najua itamuuma. Itatuuma na siye. Ila nimekaa na jambo hili miezi minane, na naona kwamba shofere wengi wanafika kwenye tarehe yao wakiwa wameshika usukani, lakini wachache wanajua kuuachia. Yeye aliuachia asubuhi moja tu, bila kusukumwa na mtu, kwa ajili ya watoto wa Bogoro ambao hawajui hata jina lake.

Kwa niaba ya wauguzi, walinzi, wapishi na ofisi yote, tunamshukuru Papa Kule kwa kila safari. Tunamshukuru Mama Hortense kwa besini, kwa chai ya asubuhi na kwa mawese. Wanarudi kwenye shamba lao la maharage na kwenye kwaya, ambapo besi haihitaji macho, na sauti yake, nakubali leo kwa maandishi, ndiyo ilikuwa inakwenda sawa.

Sasa neno moja la utaratibu kwa Ijumaa, na naomba lisomwe na kila mtu. Papa Kule anawaona watu kama kivuli. Ukimpungia mkono ukiwa mbali hatakuona, na atadhani hukuja. Usimsalimie hivyo. Mkaribie, mshike mkono, sema jina lako kwanza, halafu sema ni safari gani alikubeba. Tumealika watu wa Tchomia, wa Kasenyi na wa Bogoro, tutakuwa wengi, foleni itakuwa ndefu. Msikimbie, kila mtu apate nafasi yake. Tunataka asikie, jina kwa jina, watu wote aliowafikisha.

Mimi ninaanza hapa. Ni Scholastique, Papa. Miaka kumi na saba, mkono wako wa kuume. Nimefika muzima. Uishi miaka mingi, kwa raha na amani, weye na Mama Hortense.